Kadi ya Sauti Inatibu Ugonjwa Gani?

MWENYEKITI: Mada yetu inasema hivi: kadi ya sauti ya kujitegemea huboresha sauti ya hedifoni kiasi cha kusikika. Tunazungumzia kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani, au kile kifaa cha nje kinachounganishwa kwa USB, kinachotumika badala ya tundu la hedifoni lililokuja na mashine. Kuna vijana wanaojinyima mpaka wapate hedifoni nzuri, kisha wanaambiwa dukani kwamba bila kadi wametupa hela. Anayewaambia hivyo huenda anawasaidia, huenda anawala, nasi tunataka kujua ni lini anafanya lipi. Anayeunga mkono mada ni mtayarishaji wa muziki mwenye studio ya nyumbani hapa Dar es Salaam. Anayepinga ni fundi wa kompyuta wa siku nyingi. Mwanafunzi wa chuo, ambaye hela anayo na hajanunua, atawauliza maswali. Dada, fungua.

MTAYARISHAJI: Ahsante mwenyekiti. Naanza na jambo ambalo hata fundi hawezi kulikataa. Wimbo ukiwa ndani ya kompyuta ni namba tupu. Kwa kiwango cha CD, kila sekunde moja ya wimbo ina sampuli 44,100 kwa kila sikio, na kila sampuli imeandikwa kwa biti 16. Hedifoni haijui namba; inajua umeme unaopanda na kushuka. Kwa hiyo lazima kiwepo kigeuzi cha kuzitoa namba hizo kwenye dijitali kuzipeleka kwenye analogi, na iwepo amplifaya ya kuupa umeme huo nguvu ya kutikisa utando ulio ndani ya hedifoni. Kwenye kompyuta ya kawaida, kazi hizo mbili hufanywa na chipu moja ndogo iliyopachikwa kwenye ubao mama, jirani na prosesa, jirani na kadi ya picha, jirani na saketi za kugawa umeme ambazo mzigo wake hubadilika kila unapofungua dirisha au kusogeza kipanya. Umeme huo unaoyumba hupenya kwenye njia ya sauti. Vaa hedifoni, usicheze wimbo wowote, pandisha sauti: kwenye mashine nyingi utasikia mvumo, na ukisogeza kipanya kuna mlio mwembamba unaoufuata mkono wako. Kadi nzuri ya nje huitoa njia ya sauti kwenye msongamano huo. Mimi nachanganya nyimbo za watu. Nikiacha mvumo unifiche mwisho wa neno la mwimbaji, nimemwibia.

FUNDI: Dada yangu ameeleza vizuri kigeuzi ni nini na amplifaya ni nini, na hapo sina ubishi. Ila imani hii ya kadi ina umri wake, na tukijua ilizaliwa wapi tutaona kwa nini imechakaa. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na kispika kimoja cha kutoa milio ya kuashiria. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Canada ikaleta kadi ya muziki, na mwaka 1989 Creative ya Singapore, kampuni iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo, ikatoa Sound Blaster. Enzi hizo aliyesema nunua kadi alisema kweli tupu, kwa sababu bila kadi hakukuwa na sauti ya kusikiliza. Lakini mwaka 1997 Intel ikaweka kanuni ya AC'97 iliyofanya sauti iwe sehemu ya ubao mama, na mwaka 2004 ikaja na High Definition Audio, inayokubali biti hadi 32 na sampuli hadi 192,000 kwa sekunde. Mwaka 2007 Windows Vista ikaiondoa njia ambayo michezo ilitumia kuipelekea kadi hesabu za sauti moja kwa moja, na hesabu hizo zikahamia kwenye programu na prosesa. Sababu mbili kubwa za kununua kadi zikafa hapo. Leo chipu kama ALC1220 ya Realtek, iliyomo kwenye mbao mama nyingi za daraja la kati na la juu, mtengenezaji wake anaitangaza kuwa na desibeli 120 kati ya sauti yake ya juu kabisa na kelele zake yenyewe. CD nzima ina nafasi ya desibeli 96 hivi. Chombo ni kikubwa kuliko kinachomiminwa ndani yake. Ukinunua kikubwa zaidi utapata nini?

MTAYARISHAJI: Fundi, hizo 120 ni za chipu kwenye karatasi ya mtengenezaji. Chipu ikishapachikwa, kinachoamua ni jinsi ubao ulivyochorwa, vipuri vilivyoizunguka, na umeme inaolishwa. Na watu wengi hawachomeki nyuma ya kompyuta. Wanachomeka mbele, ambako kuna waya unaokatiza ndani ya kasha zima, unapita juu ya kadi ya picha, ndipo unafika kwenye tundu. Hizo desibeli 120 zimeshapungua kabla hazijalifikia sikio.

FUNDI: Kweli kabisa, na dawa yake haina bei: chomeka nyuma. Nimepokea kompyuta ambazo wenyewe walikuja wakitaka kadi, nikahamisha waya kutoka mbele kwenda nyuma, mvumo ukaondoka, wakarudi na hela zao. Kisha tuulizane wanachosikiliza. Rekodi za Siti binti Saad zilizofanywa Bombay mwaka 1928 zilichongwa kwenye santuri, na mkwaruzo wa santuri zile umeuzidi mvumo wa chipu yoyote ninayoijua. Muziki wa dansi uliorekodiwa kwenye tepu una mvumo wake wa tepu. Na wimbo uliopakuliwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde umeshakatwa mambo ambayo kadi haiwezi kuyarudisha, hata iwe ya thamani gani. Kadi inapokea ilichopewa.

MWANAFUNZI: Shikamoo mzee.

FUNDI: Marahaba, mwanangu.

MWANAFUNZI: Rafiki zangu wamenunua kadi, na wote wanaapa kwamba wanasikia vitu ambavyo hawakuwa wakivisikia. Wanaongopa?

FUNDI: Hawaongopi hata kidogo. Wanasikia tofauti, ila huenda tofauti yenyewe siyo ile wanayoidhani. Sikio la binadamu lina tabia moja inayojulikana sana na wapimaji: ukilipa sauti mbili zilezile, moja ikiwa juu kidogo tu, hata chini ya desibeli moja, mtu hatasema hii iko juu. Atasema hii ni safi zaidi, ina besi iliyojaa, waimbaji wako karibu. Kadi mpya kwa kawaida hutoa volti nyingi kuliko tundu la zamani, kwa hiyo kwa mpangilio uleule wa kitelezi cha sauti inalia zaidi. Ongeza na programu inayokuja nayo: mara nyingi imeshawashwa kuongeza besi na kupanua sauti tangu siku ya kwanza. Hiyo ni kazi ya programu. Kuna Equalizer APO, ya bure, inayofanya marekebisho ya namna hiyo kwenye tundu lako la kawaida. Ndiyo maana wapimaji husawazisha ukubwa wa sauti mpaka tofauti iwe kama sehemu moja ya kumi ya desibeli, na msikilizaji haambiwi anasikiliza kipi.

MWANAFUNZI: Na wakishafanya hivyo hupata nini?

FUNDI: Mfano unaojulikana ni wa Brad Meyer na David Moran, waliochapisha mwaka 2007 katika jarida la Audio Engineering Society. Walichukua rekodi za ubora wa juu kuliko CD, wakaweka katikati kifaa kinachozishusha hadi kiwango cha CD, kisha wakawataka wasikilizaji waseme ni lini kimewashwa na ni lini kimezimwa. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni asilimia 49.8. Ungerusha shilingi hewani ungepata hivyohivyo.

MTAYARISHAJI: Tusiishie hapo, mwenyekiti, maana kuna ya pili. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary, Chuo Kikuu cha London, alikusanya tafiti 18 za jambo hilihili, zenye majaribio zaidi ya 12,000, akazichambua kwa pamoja. Wasikilizaji walipatia asilimia 52.3. Ni kidogo, lakini kwa wingi ule wa majaribio haiwezi kuwa bahati, na wale waliofundishwa kwanza cha kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Sikio linafundishika. Anayesema hakuna anayesikia anawasemea hata waliojifunza.

FUNDI: Naupokea utafiti huo kwa heshima. Lakini tazama ulichonipa: ukikusanya majaribio 12,000 unapata nukta mbili na kidogo juu ya kubahatisha. Mada yetu inasema "kiasi cha kusikika", na anayeulizwa ni kijana huyu, jioni, hosteli, feni ikizunguka. Tena tafiti zote mbili zilipima kiwango cha rekodi, hazikupima kadi dhidi ya ubao mama. Zinatuambia jambo moja tu linalotuhusu: namba kubwa kwenye boksi la kadi, biti 24, biti 32, kilohezi 192, si sababu ya kuinunua.

MTAYARISHAJI: Basi niache namba za kwenye boksi, nije kwenye hoja ninayoisimamia kwa miguu miwili: nguvu na ukinzani. Hapa hatuhitaji majaribio 12,000. Hesabu ya darasani inatosha. Nguvu inayoingia kwenye hedifoni ni volti mara volti, gawanya kwa omu za ukinzani wake. Volti 1 kwenye hedifoni ya omu 32 ni miliwati 31. Volti hiyohiyo kwenye hedifoni ya omu 250 ni miliwati 4. Kwenye ya omu 600 haifiki hata miliwati 2. Sasa chukua Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250, hedifoni ya studio inayojulikana sana. Kwa miliwati 1 inatoa desibeli 96 hivi. Tundu dhaifu la laptopu likitoa nusu volti, unapata miliwati 1 hiyo, na desibeli 96 ni zile za kilele, pale ngoma inapopigwa. Rekodi yenye pumzi, yenye kimya na kishindo, wastani wake unaweza kuwa desibeli 20 chini ya kilele. Unabaki na 76, na hedifoni hiyo mgongo wake uko wazi, haizuii kelele za nje. Unavuta kitelezi hadi mwisho na bado unategea sikio. Ukitaka desibeli 10 zaidi unahitaji nguvu mara 10, yaani volti 1.6 hivi. Laptopu yako haina. Amplifaya ya kadi nzuri inazo.

FUNDI: Hapo umenibana. Na ukinzani?

MTAYARISHAJI: Kila tundu lina ukinzani wake wa ndani, na wanunuzi wengi hawauulizii. Tuseme tundu lina omu 32, na hedifoni yako ni ya omu 32. Lakini ukinzani wa hedifoni hautulii mahali pamoja. Nyingi hupanda kwenye besi. Tuseme kwenye besi inafika omu 64. Kwenye sauti za kati, hedifoni inapata nusu ya volti, maana imegawana sawa na tundu. Kwenye besi inapata theluthi mbili. Tofauti hiyo ni desibeli 2.5, na yeyote ataisikia: besi inavimba, inaifunika sauti ya mwimbaji, kinanda kinazama. Fanya hesabu hiyohiyo kwa kifaa chenye ukinzani wa omu 1, tofauti inashuka hadi sehemu moja ya kumi ya desibeli. Ndiyo maana mafundi wa sauti wana kanuni: ukinzani wa tundu usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, usizidi omu 4. Matundu mengi ya zamani na ya bei ya chini yamezidi hapo. Kwa hiyo fundi, mtu mwenye tundu la namna hiyo, hedifoni aliyoinunua hajawahi kuisikia. Amesikia hedifoni na tundu kwa pamoja.

MWENYEKITI: Fundi, hoja hii haijibiwi kwa historia.

FUNDI: Haijibiwi, nami siikwepi. Hesabu zake ni sahihi. Ninachouliza ni nani mwenye ugonjwa huo. Hedifoni nyingi zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi ni za omu 16 hadi 32, zimetengenezwa ziendeshwe na simu. Nguvu si tatizo lake hata kidogo. Tatizo ni vijana kuziendesha kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila unapopanda, saa zinapungua haraka. Amplifaya kubwa kwenye hedifoni nyepesi ni njia ya kuua masikio. Na ukinzani nao, dawa yake siyo lazima kadi ya bei mbaya. Kile kiunganishi kidogo cha Apple, cha kutoka USB-C kwenda tundu la milimita 3.5, kiliuzwa Marekani kwa dola 9. Ndani yake kuna kigeuzi na amplifaya, ukinzani wake uko karibu na omu 1, na kinatoa volti 1. Ila kile cha soko la Ulaya kinatoa kama nusu yake, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

MTAYARISHAJI: Fundi, kiunganishi hicho ni nini kama si kadi ya sauti ya nje? Kimekaa nje ya ubao mama, kina kigeuzi chake, kina amplifaya yake. Umetoka kuniunga mkono.

FUNDI: Nimekuunga mkono kwa dola 9. Sikuungi mkono kwa kadi ya mara ishirini ya hiyo.

MWANAFUNZI: Hedifoni ya Bluetooth je? Darasani kwetu karibu wote ndizo tunazotumia.

MTAYARISHAJI: Hapo hatuna mgogoro. Hedifoni ya Bluetooth inapokea namba kwa mawimbi ya redio na kuzigeuza yenyewe, kwa kigeuzi chake na amplifaya yake. Hedifoni ya USB ni vivyo hivyo. Kadi ya sauti haipo kabisa kwenye njia yake. Anayekuuzia kadi kwa ajili ya hedifoni hizo anakuibia, na nalisema hilo hata kama ndiye anayeniuzia vifaa vya studio. Ila niombe jambo moja liingie kwenye kumbukumbu: anayerekodi ni habari nyingine. Mwimbaji akijisikia kwenye hedifoni amechelewa hata sehemu chache za mia za sekunde, anapoteza mdundo. Anahitaji kifaa chenye njia ya haraka, chenye volti 48 za kulisha maikrofoni ya kondensa. Kifaa hicho ni cha lazima.

MWENYEKITI: Limeingia, na halina mpinzani, lakini mada yetu ni ya msikilizaji. Fundi, kijana huyu akija kwako kesho, utampima vipi?

FUNDI: Kwanza, avae hedifoni bila kucheza chochote, apandishe sauti, asogeze kipanya, afungue programu nzito. Akisikia mvumo, achomoe chaja. Ukipungua, kosa liko kwenye chaja au umeme wa nyumba, na aanzie hapo. Afahamu pia kwamba kadi ya USB inakula umeme wa kompyuta hiyohiyo, kwa hiyo huenda ikarithi kelele. Kama ni ya mezani, ahamie tundu la nyuma. Pili, apandishe wimbo anaoujua hadi mwisho kwa sekunde chache tu. Ukiwa mkali kupita anavyoweza kuvumilia, nguvu anayo. Tatu, aichomeke hedifoni ileile kwenye simu nzuri yenye tundu, asikilize wimbo uleule kwa ukubwa uleule wa sauti. Besi ikibadilika sana, ashuku ukinzani.

MTAYARISHAJI: Nami naongeza la nne: aazime kadi kabla ya kununua. Rafiki yake abadilishe bila kumwambia, ukubwa wa sauti ukiwa umesawazishwa, mara 16. Akipatia 12 au zaidi, anasikia tofauti, maana anayebahatisha hufika hapo chini ya mara 4 katika 100. Akipatia 8 au 9, arudishe kadi na kushukuru. Hata mimi niliye upande huu siwezi kumtetea anayenunua bila kusikiliza.

MWANAFUNZI: Na kama vipimo vyote ni salama?

FUNDI: Hela yote iende kwenye hedifoni yenyewe. Hedifoni mbili za aina tofauti hutofautiana kwa desibeli nyingi, kwenye besi na kwenye sauti nyembamba, na tofauti hiyo haihitaji mtu kufundishwa kuisikia.

MTAYARISHAJI: Na katika hilo nakubaliana naye bila masharti.

MWENYEKITI: Natoa uamuzi. Kama ilivyoandikwa, mada imeanguka, kwa sababu inasema kadi huboresha sauti kana kwamba ni tonge la dawa linalomfaa kila mtu, mgonjwa na mzima. Mjadala umetutajia magonjwa matatu: kelele za umeme zinazosikika, nguvu isiyotosha kwa hedifoni nzito, na ukinzani wa tundu unaoharibu mizani ya sauti. Mwenye moja kati ya hayo, kadi au hata kiunganishi cha bei nafuu kitamletea nafuu atakayoisikia siku hiyohiyo, na kwa mtu huyo mtayarishaji ameshinda mchana kweupe. Asiye nalo atanunua namba zilizochapwa kwenye boksi, na kwa watu wa namna hiyo, ambao naamini ndio walio wengi, fundi ameshinda.

Wauzaji nao wana wajibu, nami siwaachi. Mteja akiuliza kama anahitaji kadi, jibu la haki linaanza na maswali: hedifoni yako ni ya omu ngapi, unachomeka wapi, unasikia nini ukiwa kimya? Muuzaji asiyeuliza hata moja hajui anachouza, au anajua vizuri sana. Kijana, vipimo vya fundi havina gharama, na cha mtayarishaji kinataka rafiki mmoja na kadi ya kuazima. Vifanye vyote kabla hujafungua pochi.